Mama amepata kiharusi na kodi ya mwaka imeshalipwa: tunahamaje?

Swali: Mama yangu ana miaka 71. Anaishi Ilala, ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Machi 2025, kodi Sh 450,000 kwa mwezi, na alilipa yote kwa mkupuo kutoka kwenye mafao yake. Mwezi Mei alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Anazungumza vizuri, ila kalamu hawezi kushika, na nina wasiwasi atasaini vipi. Tangu atoke hospitali hajashuka chini ila kwa kubebwa. Tunataka kumhamishia kwangu Kigamboni mapema iwezekanavyo. Baba mwenye nyumba anasema kodi hairudi, na kweli mkataba una maneno hayo. Mdogo wangu aliyeko New York anasema sheria inamruhusu mzee kuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa. Ni kweli? Nakala ya mkataba nimeiambatanisha.

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kuuguza, na mama mfikishie salamu zangu za pole. Mkataba nimeusoma mara mbili. Nitaanza na hilo la mdogo wako, maana naona ndilo lililowapa matumaini.

Anachosema ni kweli, lakini ni kweli huko aliko. Sheria ya mali isiyohamishika ya jimbo la New York, kifungu cha 227-a, inampa mpangaji aliyefikisha miaka 62 haki ya kusitisha mkataba kabla ya wakati wake, iwapo daktari amethibitisha kwamba hawezi tena kuishi kwa kujitegemea katika nyumba ile na anahamia kwa ndugu yake, au iwapo amepata nafasi katika makao ya kutunzia wazee. Anatoa notisi ya maandishi, na kama anahamia kwa ndugu anaambatanisha cheti cha daktari pamoja na tamko la ndugu huyo kwamba atakaa naye kwa muda usiopungua miezi 6. Muda wa notisi ukishaisha, kodi ya mbele haimhusu. Mwenye nyumba hawezi hata kuandika kwenye mkataba kwamba mpangaji ameiacha haki hiyo. Ni sheria nzuri, na natamani tungekuwa nayo.

Hatuna. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, lakini sera hiyo haimpi mpangaji nguvu ya kumwambia mwenye nyumba kuwa ugonjwa umemaliza mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya mambo ya pango, nayo haimpi mzee anayeumwa njia yake ya pekee ya kutoka. Kwa hiyo usiende kwa baba mwenye nyumba ukiwa umeshika maelezo ya Marekani uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Atakujibu kwa sentensi moja, na kuanzia hapo hatasikiliza hata yale ambayo una haki nayo.

Kuna watakaokuambia utumie kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachohusu mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa hauwezekani. Mimi sitakuongoza huko. Nyumba ipo, haijaungua, haijabomolewa, mlango unafunguka. Kilichobadilika ni hali ya mama, na mabaraza na mahakama ni wagumu mno kukubali kwamba mkataba wa pango umekufa kwa sababu ya hali ya mpangaji. Ni hoja ya kushika pale ambapo huna nyingine, na wewe unayo nyingine, tena nzuri zaidi, imekaa ndani ya mkataba wenu wenyewe.

Fungua ukurasa wa pili. Kipengele cha 9 kinasema: "Upande wowote unaweza kusitisha mkataba huu kwa kutoa notisi ya maandishi ya miezi mitatu." Halafu kipengele cha 12, ambacho ndicho baba mwenye nyumba anakisoma kwa sauti: "Mpangaji akivunja mkataba kabla ya muda kwisha hatarudishiwa kodi aliyolipa." Ninyi mmevisoma vipengele hivi kama kitu kimoja, naye pia, na hapo ndipo mnapopoteana.

Kuvunja na kusitisha si neno moja. Anayevunja mkataba ni yule anayekwenda kinyume nao: anaondoka usiku, anaacha mlango wazi, hatoi notisi, au anapangisha watu bila ruhusa. Anayesitisha kwa notisi ya miezi mitatu hajaenda kinyume na lolote. Ametumia mlango ambao pande zote mbili ziliukubali siku ya kutia saini. Kama kipengele cha 12 kingemhusu na huyu pia, basi cha 9 kingekuwa hakina kazi kwa mpangaji aliyelipa mwaka mzima, kwa sababu kila akitoa notisi angepoteza kila kitu. Vipengele vya mkataba husomwa kwa namna itakayoacha kila kimoja na kazi yake. Na kama nilivyoona kwenye karatasi, mkataba ulichapwa na upande wa mwenye nyumba. Utata wa maneno aliyoyaandika mwenyewe haupaswi kumwangukia mama.

Sasa tupige hesabu. Mama alilipa Sh 5,400,000 kwa miezi 12, inayoishia tarehe 28 Februari 2026. Leo bado tuko Julai. Notisi ikifika mkononi mwa baba mwenye nyumba kabla ya tarehe 1 Agosti, miezi mitatu ni Agosti, Septemba na Oktoba. Hiyo mama ataibeba hata kama atakuwa ameshahamia Kigamboni, kwa sababu ndiyo bei ya kipengele cha 9. Inabaki Novemba, Desemba, Januari na Februari, yaani miezi minne, Sh 1,800,000. Hiyo ndiyo hela ya kudai. Usidai miezi saba kwa sababu tu mtaondoka mwezi huu. Ukidai zaidi ya haki yako unampa sababu ya kukataa yote, na mbele ya wazee wa baraza utaonekana mtu wa tamaa.

Hata tukichukulia kwamba mimi nimekosea na kipengele cha 12 kinamhusu mama, bado si kwamba mwenye nyumba anameza milioni zote kimya kimya. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema pale ambapo mkataba umeweka adhabu kwa anayeuvunja, aliyeumia anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Na kifungu cha 73 kinataka, katika kukadiria hasara, iangaliwe pia njia aliyokuwa nayo aliyeumia ya kuipunguza. Kwa lugha ya mtaani: kama mpangaji mwingine ameingia mwezi Novemba na kulipa kodi yake, mwenye nyumba hawezi kusema amepata hasara ya Novemba. Angekuwa anakula kodi ya chumba kimoja mara mbili.

Hapa ndipo kazi yako kubwa ilipo, nayo haina uwakili ndani yake: mtafutie mpangaji. Ilala, nyumba ya Sh 450,000 iliyo karibu na mjini, haikai wazi muda mrefu. Waambie watu wa jengo, waambie madalali wa mtaa huo, mwambie dalali aliyempatia mama nyumba. Ukipata mtu wa kweli, mwenye kazi na hela ya kutanguliza, mpeleke kwa baba mwenye nyumba uso kwa uso, kisha andika jina na tarehe uliyompeleka. Mkataba unasema mama asimwingize mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye nyumba. Hilo liheshimu, usimpe mtu funguo kwa siri. Lakini ujue kwamba Sheria ya Ardhi haimruhusu mwenye nyumba kunyima ridhaa ya namna hiyo bila sababu ya msingi. Akimkataa mpangaji mzuri bila kusema kwa nini, halafu baadaye aje kulalamika kwamba chumba kilikaa bure, karatasi yako yenye jina na tarehe ndiyo itakayomjibu. Na huyo mpangaji mpya akiingia Septemba, mnaweza kabisa kukubaliana kwamba notisi ikome hapo, na mama arudishiwe zaidi ya ile Sh 1,800,000. Hapo ni makubaliano, si haki ya kudai.

Kabla sijafika kwenye barua, nikuulize jambo. Katika maelezo yako yote sikuona neno la mama mwenyewe. Umeniandikia mnachotaka ninyi watoto. Kiharusi kimelegeza mkono wake, hukusema kimegusa akili yake, na umenieleza kwamba anazungumza vizuri. Mpangaji ni yeye. Jina kwenye mkataba ni lake. Hela ilitoka kwenye mafao yake. Nimeshaona kesi ambapo watoto walihangaika miezi miwili kuvunja mkataba wa mzee, mzee akaja kusema mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba yeye hakuwahi kuulizwa, na hataki kuondoka karibu na msikiti wake na majirani wa miaka tisa. Mambo yote yakarudi mwanzo, na mwenye nyumba akapata la kusema. Muulize mama. Mkae naye, mmweleze Kigamboni patakuwaje, nani atakuwa nyumbani mchana, atavukaje kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo. Asikie na njia nyingine pia: huyu baba mwenye nyumba ana vyumba vya chini kwenye jengo lile lile. Kama kuna mpangaji wa chini ambaye mkataba wake unaisha Septemba, mama anaweza kushushwa, kodi yake ikahamia huko, na hakuna anayemrudishia mwenzake shilingi. Wenye nyumba wengi wanalikubali hili haraka kuliko kurudisha hela, na sababu yake naijua: hela ya kodi ya mwaka mara nyingi imeshakwenda kwenye ada za shule au msingi wa nyumba nyingine. Anapokuambia "hairudi" huenda anamaanisha haipo.

Ndiyo maana, hata haki ikiwa upande wenu, mwachie nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Sh 600,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, yenye tarehe na saini, ni bora kuliko Sh 1,800,000 ya kugombania mwaka mzima.

Sasa barua ya daktari. Sheria haiitaki, kwa sababu kipengele cha 9 hakiulizi sababu ya kuondoka. Lakini itafute, kwa kuwa inabadilisha mazungumzo. Mwenye nyumba anayedhani mmepata nyumba nzuri zaidi kwingine hukaza, akijua ni ugonjwa hulegea. Mwombe daktari asiandike jina la ugonjwa peke yake. "Amepata kiharusi" haimwambii mtu kitu kuhusu ngazi. Aandike kile ambacho mama hawezi: kwamba hawezi kupanda wala kushuka ngazi bila kubebwa na watu, kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka, kwamba anahitaji makazi ya chini na mtu wa kumsaidia, na hali hiyo inatarajiwa kudumu kwa muda gani. Iwe na mhuri wa hospitali na tarehe. Faili lake la matibabu, vipimo na orodha ya dawa hazimhusu mwenye nyumba. Baki nazo.

Notisi yenyewe iwe fupi na iwe kwa jina la mama. Maneno haya yanatosha:

"Mimi, mpangaji wa chumba namba fulani, ghorofa ya tatu, natoa notisi ya miezi mitatu ya kusitisha mkataba wetu wa tarehe 1 Machi 2025 kwa mujibu wa kipengele cha 9. Notisi inaanza tarehe 1 Agosti na kuisha tarehe 31 Oktoba 2025. Sababu ni afya yangu, kama barua ya daktari iliyoambatanishwa inavyoeleza. Naomba nirudishiwe kodi ya miezi minne iliyobaki, Novemba 2025 hadi Februari 2026, jumla Sh 1,800,000. Niko tayari kukutafutia mpangaji mwingine, na nitashukuru tukizungumza namna ya malipo."

Usiongeze lawama za maji kukatika na dari kuvuja. Kama yapo yaandikie barua yake.

Mama hawezi kushika kalamu kwa mkono wa kulia, na hilo limekutia wasiwasi. Lisikutie. Dole gumba la kushoto linatosha. Asomewe barua yote kwa sauti, taratibu, aulizwe kama ameelewa na kama ndicho anachotaka, kisha aweke dole. Chini yake shahidi ambaye si mtoto wake, jirani kwa mfano, aandike kwamba barua ilisomwa mbele yake na mama akaikubali, atie jina na saini yake. Usimsainie mama kwa kuiga saini yake ya zamani. Najua watu wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini ni kughushi, na ikigundulika barua nzima inakufa na wewe unaingia matatani. Kama unataka kuendelea kushughulika kwa niaba yake, kupokea hela na kusaini makabidhiano, nendeni kwa wakili aandike hati ya uwakilishi. Wakili anaweza kumfuata mama hapo hapo kitandani.

Chapa nakala mbili. Moja umpe baba mwenye nyumba, ya pili aisaini kwamba amepokea, na aweke tarehe. Akikataa kusaini, usigombane naye. Rudi na mjumbe wa shina au mtu wa ofisi ya serikali ya mtaa, umkabidhi mbele yake, na huyo ndiye aandike kuwa ameshuhudia. Umtumie na picha ya barua kwenye simu yake pia. Ujumbe wa simu una tarehe na saa.

Siku ya kuhama nayo ina taratibu zake, na naisisitiza kwa sababu ya mzee mmoja niliyemsaidia kwenye dawati la msaada wa kisheria, Temeke. Alitoa notisi vizuri, akahama vizuri, akaacha funguo kwa mtoto wa jirani. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba akadai kwamba nyumba bado iko mikononi mwa mzee, kwa kuwa yeye hajakabidhiwa, na kwamba choo kimevunjika. Hatukuwa na karatasi hata moja ya siku ile. Kwa hiyo ninyi, vitu vikishatoka, fagieni, halafu pigeni video moja ndefu bila kukata, mlango hadi mlango: kuta, dari, sinki la jikoni, choo kikivutwa maji, swichi zikiwashwa, vioo vya madirisha, na namba za mita ya umeme na ya maji. Bili ya maji lipeni mpaka siku hiyo na risiti muitunze. Funguo zihesabiwe: za mlango wa mbele ngapi, za geti ngapi. Mwandike ukurasa mmoja wa makabidhiano, wasaini wote wawili. Na kama hela bado hajalipa, ukurasa huo huo uandike anadaiwa kiasi gani na atalipa lini.

Huenda atatishia kuvifungia vitu vya mama ndani. Hana ruhusa ya kufanya hivyo kwa uamuzi wake mwenyewe, na mama hadaiwi kodi. Ukiona dalili, nenda ofisi ya serikali ya mtaa mapema kabla kufuli halijawekwa.

Na akikataa kabisa? Hatua ya kwanza ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Linasuluhisha, na lina siku 30. Wakishindwa wanakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiruke kata ukaenda wilayani moja kwa moja, utarudishwa.

Kuna jambo moja dogo linaloweza kukukwamisha huko. Mkataba wenu hauna alama ya ushuru wa stempu. Ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwenu Sh 54,000, na mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe TRA. Kwa mazungumzo ya kawaida hausumbui. Ukiona mambo yanaelekea barazani, lipia kwanza.

Wakili wa kulipa kwa dai la Sh 1,800,000 atakula sehemu kubwa ya hela yenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo walio karibu nawe kuliko unavyodhani. Ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa itakuelekeza waliosajiliwa, na mzee mgonjwa mwenye kipato kidogo ndiye hasa waliyewekewa. Wanaweza kukaa nawe kwenye usuluhishi wa kata bila gharama.

Leo ni Jumatatu, Julai 28. Una siku tatu kabla ya Agosti kuanza, na barua ikichelewa mpaka tarehe 2 anaweza kubishana nawe kuhusu mwezi mzima, yaani Sh 450,000 za mama. Daktari anaweza kuchelewa, barua yake itafuata baadaye. Leo jioni kaa na mama umuulize, na kama ni ndiyo, kesho asubuhi dole liwekwe.